Kiti Changu cha Dirishani

Asubuhi moja niliondoka kwa rafiki yangu, mtaa wa Farsta huku ughaibuni, bila kujua niendako. Nilikuwa nimelalia kochi lake wiki tatu na miguu ilishaanza kuniwasha. Ndivyo nilivyo tangu nilipoacha shule darasa la tano: nikiona njia, nataka kujua inaishia wapi. Nilipanda treni hii na ile, nikashuka kituo cha Fisksätra kwa sababu mama mmoja mwenye mifuko minne alikuwa akishuka huku akinung'unika kwa Kiswahili cha kwetu.

Nikampokea miwili.

"Weye ni wa wapi?"

Nikamtajia mji wetu, mashariki ya Kongo, na mtaa. Akasimama. "Basi unajua ile baa ya nyuma ya soko. Ile bomu iliangukia."

Niliijua. Viti vilikuwa vichache kuliko wanywaji, kwa hiyo palikuwa na sheria moja: ukitoka, unamwambia mtu, "Nishikie kiti." Anakaa, na haondoki mpaka urudi. Aliyeondoka mapema alichekwa mwezi mzima.

Mchana ule wa bomu, wakati wa vita, kiti changu cha dirishani nilimwachia mzee fundi viatu.

"Unaenda wapi tena, miguu ya kuku?" akanitania.

"Narudi sasa hivi."

Nje malori ya jeshi yalikuwa yakipita. Nikayafuata nione yanakokwenda, na kiti nikakisahau. Niliporudi jioni, ukuta wa dirishani haukuwepo. Wiki ileile nikauhama mji. Hospitali walikopelekwa majeruhi sikukanyaga.

Jikoni kwake mama yule alinimiminia chai. "Baba yangu alipoteza mguu pale baani," akasema. "Mama yangu alimwita mara mbili aje kula. Akajibu, nimeshika kiti cha mtu."

Sikuinua macho kutoka kwenye kikombe.

"Chumba niko nacho," akaendelea. "Mwanangu alihamia mtaa wa Kista. Kama unatafuta pa kulala, ni chako."

Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Nimenyamaza miaka mingi, nchi baada ya nchi.

"Mama," nikasema, "kile kiti kilikuwa changu."

Akazima jiko.

"Baba yuko hai," akasema. "Anamuuliza kila mtu wa mtaa wetu: miguu ya kuku alipona? Anafikiri bomu ilikukuta njiani, ndiyo maana hukurudi."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Afadhali angenitukana.

"Bon, haya. Weka begi yako ndani. Nitampigia sasa hivi, na utamwambia weye mwenyewe."

Nikaweka begi chumbani, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Mlango wa nje ulikuwa hatua chache tu kutoka pale. Nilisikia simu ikiita upande wa pili, ikiita, na sikunyanyuka.