Mikono Juu ya Usukani

Nilirudi nyumbani na stashahada ya ufundi wa majokofu, na si ya kununua. Niliisomea jioni kwa miaka mitatu, baada ya kushinda juu ya mapaa ya watu huko Amerika nikifungua na kufunga viyoyozi. Hakuna aliyenichangia hata nauli. Leo ukila samaki wa barafu Kilwa Masoko au Mchinga, huenda jokofu lililomhifadhi limepita mikononi mwangu. Wahindi wenye maduka, ambao zamani mama yangu alisimama nje kwao mpaka aitwe, siku hizi wananivutia kiti kabla sijafungua mdomo. Stashahada nimeitia fremu, iko sebuleni kwangu Mtanda, hapa Lindi. Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba ninayoyaandika hayatoki kwa mtu aliyeshindwa.

Mtoto wa dada yangu aliyeolewa Mtama, kijana wa miaka ishirini na minne, alipata nafasi ya kusoma katika jimbo lile lile nililoishi. Mimi ndiye niliyemjazia fomu, mimi ndiye niliyemfundisha kujibu maswali ya viza. Nikajipa na kazi ya kumfundisha gari, maana kule bila gari hufiki popote.

Asubuhi moja alikuwa anaendesha pikapu yangu, tunatoka Mtama kuja Lindi. Mbele yetu trafiki akanyoosha mkono. Kijana akafanya kama alivyolelewa. Akaegesha, akafungua mlango, akashuka upesi, mkono mmoja umeshaingia mfuko wa nyuma kutafuta leseni, akamwendea afande huku ameinama kidogo na kutoa shikamoo yake. Huku kwetu mtu mzima hawezi kusimama juani na wewe umekaa kitini unamtazama kupitia dirishani. Afande akaitikia marahaba, akapendezwa naye, wakaulizana habari za korosho, tukaruhusiwa.

Mimi nilikuwa nimebaki ndani. Mikono yangu ilikuwa juu ya dashibodi, vidole vimetanuka. Sikumbuki niliiweka pale saa ngapi. Kijana aliporudi akaitazama.

“Mjomba, mikono unaianika?”

Nikamwambia aendeshe.

Zilikuwa zimebaki siku tisa asafiri.

Sasa niseme nilichokuwa nimewaambia watu. Kwenye harusi, kwenye misiba, kila nilipoulizwa, nilijibu kwamba habari ya weusi na weupe kule Amerika ni ya zamani. Walikuwapo viongozi, nikasema, wakaandamana, wakapigwa, wengine wakauawa, sheria zikabadilishwa, na leo barabara zina majina yao. Anayelalamika sasa ni mvivu, nitazameni mimi. Dada yangu alipoonyeshwa kwenye simu mtu mweusi amekandamizwa chini barabarani, alikuja mbio kuniuliza. Nikamjibu kwamba wale wana mambo yao na polisi, sisi wageni hatumo. Aliniamini. Kwa neno langu akakubali mwanawe aende.

Na mimi nilikuwa nimeshaambiwa ukweli tangu mwezi wangu wa kwanza kule. Nilipanga chumba kwa bibi mmoja Mmarekani mweusi, ambaye usichanani mwake aliandamana nyuma ya viongozi hao. Picha zao zilijaa ukuta wa sebule yake, na aliweza kukuonyesha kwa kidole nani alikufa kwa risasi. Aliniambia kwamba kabla ya kuwapeleka barabarani, viongozi waliwakusanya vijana katika chumba cha chini ya kanisa na kuwafundisha kukaa. Kukaa tu, kwenye meza za mikahawa walizokatazwa weusi. Wenzao walijifanya maadui, wakawatukana, wakawavuta nywele, wakawapulizia moshi wa sigara machoni, mpaka mwili ukazoea kutojibu. Watu wanazikumbuka hotuba, alisema, lakini kilichowarudisha nyumbani wakiwa hai ni yale mazoezi.

Kila mpangaji wake aliyepata gari, bibi alimkalisha kwenye kiti cha jikoni, akampa sahani aishike kama usukani. Yeye akawa askari. Mikono iko wapi? Sema unachotaka kutoa kabla hujakitoa. Usishuke.

Nilicheka, nikakataa kujaribu. Nikamwambia, Bibi, mimi si mjukuu wa watumwa, mimi natoka Kilwa Kivinje. Akaniuliza Kivinje zamani kulikuwa kunauzwa nini. Nikajibu pembe za ndovu na boriti. Nilijua kwamba na watu waliuzwa, hata kama wengi wao walipelekwa kwingine na si Amerika, lakini sikusema. 

“Mwanangu,” akasema, “askari hatakuuliza umetoka wapi mpaka baadaye.”

Mwaka wa pili nikanunua gari. Ilikuwa mchana kweupe, nimevaa shati la kazini, natoka kutengeneza kiyoyozi cha shule. Taa zikawaka nyuma yangu. Nikaegesha, nikashuka kwa adabu zangu zote, nikamwendea askari nikitabasamu, mkono mfukoni. Sikufika mbali. Nilijikuta kifudifudi juu ya lami yenye moto, goti mgongoni, na juu yangu watu wawili wanafoka kwa lugha ile ile niliyojivunia kuijua, nami sielewi hata neno. Kosa langu lilikuwa taa ya breki. Waliponiinua, mmoja wao aliniambia, bila ubaya wowote, kwamba ningekutana na mwenzao wa zamu ya jana nisingeinuka.

Bibi alinitoa changarawe shavuni kwa kibano. Alipomaliza akavuta kiti, akaleta sahani.

Hayo sikuwahi kumwambia mtu Lindi nzima. Hata baada ya siku ile ya trafiki nilinyamaza siku mbili nyingine. Nilijua nikisema, dada atamzuia mwanawe, na mimi nitakuwa mtu aliyelazwa chini kama mwizi wa kuku. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, nikawaita dada na mwanawe waje kwangu. Nikaweka kiti katikati ya sebule, nikampa kijana mfuniko wa sufuria.

“Mjomba umefungua chekechea,” akasema, akakaa.

Nikatoka nje, nikaingia kama askari. Akasimama. Mjomba wake ameingia, angefanyaje? Nikamkalisha, nikatoka, nikaingia, akasimama tena. Mara ya nne alibaki kitini lakini mkono ukaenda mfukoni. Nikamfokea mpaka jirani akachungulia.

“Kaka,” dada akasema, “mtoto ana adabu. Kosa liko wapi?”

Ndipo nikawaeleza. Lami, goti, shavu. Nilieleza nikiwa nimesimama, nimekipa kisogo cheti changu.

Dada hakulia. “Ulikuwa umefanya nini?”

“Nilikwenda kuwasalimia.”

Alinyoosha ukingo wa mkeka kwa kiganja. “Na mimi uliniambia nini, kaka?”

 Nilidhani atamwambia mwanawe viza ichanwe. Kijana naye alidhani hivyo, akaanza kumbembeleza kwa Kimwera cha kwao Mtama, akimwambia maneno ambayo sikuyapata yote. Mwishowe dada alisema neno moja tu, tena bila kunitazama.

“Mfundishe.”

Tukafanya mpaka alasiri. Nilimtukana kijana ambaye sijawahi kumtukana. Nilipiga bati la dirisha karibu na sikio lake. Kidogo kidogo akaacha kuruka, akaacha kutabasamu, sauti ikawa bapa, macho mbele, mikono haisogei. Uso wake ukawa hauna kitu ndani. Alipofanya mara tatu bila kosa, dada aliziba mdomo kwa ncha ya kanga, akatoka kwenda uani.

Kijana hakugeuka kumtazama. Alibaki amekaa na mfuniko wake.

“Mjomba, hao waliofundisha watu kukaa. Walishinda, au hawakushinda?”

“Walishinda,” nikasema.

Akanigeukia. “Basi mbona tunafanya hivi?”

Nilisikia maji yakimwagwa uani, kisha hayakusikika tena. Nikarudi mlangoni.

“Usigeuze kichwa unaposema na mimi,” nikamwambia. “Tunaanza upya.”