Zamu ya Mama Mutua

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, ambayo ningekuwa na uwezo ningeifuta. Nilikuwa bado kijana hapa Voi, mtaa huu wa Kaloleni, nina mtoto mmoja, nina moto wa wokovu na mdomo usiotulia. Kanisa letu lilikuwa na ushirika wa nyumba kwa nyumba: kila Jumatano alasiri tunakwenda kwa mtu mmoja, tunaimba, tunaomba, tunakunywa chai yake. Katibu nilikuwa mimi. Daftari la zamu lilikaa kwangu, na cheo hicho kidogo kilinivimbisha kichwa, usicheke.

Jirani yangu alikuwa Mama Mutua, Mkamba wa upande wa Kibwezi, muuza mboga pale sokoni Voi. Yule mtoto wangu, Wakesho, alipolazwa na malaria, ni yeye aliyekaa nami wodini siku nne. Hata kuomba kwa sauti mbele za watu nilifundishwa naye. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, na ndugu zangu walikuwa huko juu Sagalla.

Kisha ukaja uchaguzi. Mchungaji wetu wa wakati huo akamsimamisha mgombea mmoja madhabahuni, mtoto wa milima hii, wa kabila letu, akatuambia huyu ndiye aliyepakwa mafuta. Tukaitikia amina. Mama Mutua hakuitikia. Baada ya ibada alisema waziwazi kwamba hata yeye ameomba, na dhamiri yake imemwelekeza kwa mwingine. Basi, minong'ono ikaanza: wabara ndivyo walivyo, wanakula kwetu, kura wanapeleka kwao. Nami nikanong'ona.

Usidhani nilikuwa nafanya mchezo. Nilifunga siku tatu, na siku ya tatu nikainuka na hakika moyoni kwamba Mungu hataki tuchanganyike na mwasi. Uchungu wangu uko hapo hadi leo. Ningekuwa mnafiki ningejisamehe upesi, lakini mimi niliamini.

Jumatano ile ilikuwa zamu yake. Nikachukua kalamu, nikalikata jina lake, nikaupeleka ushirika kwenye nyumba iliyofuata. Njia ilipita mbele ya lango lake. Alikuwa amefagia uwanja, ameazima benchi, chai iko jikoni. Mumewe alikuwa mgonjwa wa kifua, hajiwezi, na alikuwa ameomba atolewe nje alazwe kwenye mkeka ili tumwekee mikono. Tulipita tukiimba. Yule mzee alijaribu kuinuka akidhani tunaingia. Mimi nilitazama mbele.

Alifariki wiki ile ile. Waliomzika walikuwa watu wa kanisa jingine.

Habari zikafika Sagalla kwa nyanya yangu mzaa baba. Hakuwahi kubatizwa, na sisi wajukuu tulimhesabu mtu wa giza. Watu wake waliomba kwa kutasa: mtu anapiga funda la maji, anayapuliza nje pamoja na kila hasira iliyo kifuani, ndipo anaomba baraka. Aliniita, akasema, "Siku tatu umejinyima chakula, lakini hasira hukujinyima. Sisi mnaotuita washenzi tuliitema kwanza, ndipo tukamwita Mungu. Wewe umemwita nayo imejaa mdomoni, ukasikia sauti yako mwenyewe."

Nilirudi Kaloleni na maneno hayo.

Na mgombea wetu? Alishinda. Mwaka haukuisha akahamia kwa wapinzani wale wale aliowaita watu wa shetani, wakaja kanisani pamoja, na mchungaji akawaombea wote kwa mkupuo. Nilikaa benchi la nyuma. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Hawakutuambia kwamba fahali wakipatana, nyasi zile hazifufuki.

Nikaenda kwa Mama Mutua kuomba radhi. Nilimkuta anafunga mizigo arudi kwao. Alinikaribisha, akanipa maji ya kunywa. Nikapiga magoti. Hakupandisha sauti.

"Mama Wakesho, nilikusamehe siku ile ile, kwa sababu Bwana ameniamuru. Lakini kwangu usije tena. Mume wangu alikufa akiniuliza mmekasirikia nini."

Mwanangu, leo nakuona na simu yako, unamtafutia mgombea wako aya za Biblia. Rafiki yako wa Njukini mliyeimba naye kwaya humsalimu tena, ati kwa ajili ya fulana ya mgombea mwingine aliyovaa. Sikukatazi siasa. Piga kura, simama na unachokiamini hata ukibaki peke yako, kama alivyobaki yule mama. Lakini imani ikikutuma umpite mgonjwa mlangoni, hiyo ichunguze, hata kama umefunga mwezi mzima. Mungu hakuniambia nimwache jirani yangu. Nilijiambia mwenyewe, kisha nikatia sahihi ya Mungu. Na majuto ni mjukuu, huja kinyume. Haya yangu yamezeeka nami.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe msimamo usiokuwa na chuki, na akutie woga kila unapotaka kusema "Mungu amesema". Akupe nafasi ya kurekebisha mapema. Nenda kwa rafiki yako leo, ubishe hodi. Akikufungulia, shukuru, maana mimi nilisamehewa na mlango ukafungwa, na yule mama alikuwa na haki.