Goti Langu, Sauti ya Yaya

Watu wakinikuta naandika huwa wanauliza nani ananisaidia. Hakuna. Ni goti langu la kulia, kitufe kimoja na subira, na hiyo subira sikuzaliwa nayo. Nina hasira za karibu. Mama alikuwa akisema nimezirithi kwa bibi, mwanamke aliyewahi kugombana na mbuzi mpaka mbuzi akaondoka. Mdomo wangu hautoi maneno, na mikono yangu inaenda inakotaka yenyewe. Basi msinihurumie, someni tu.

Kazi yenyewe iko hivi. Tableti inafungwa mbele yangu kwenye kiti changu cha mbao, kwa vipande vya mpira wa tairi. Kwenye kioo kuna viboksi, na mwanga unatembea juu yake: cha kwanza, cha pili, cha tatu. Ukifika pale ninapotaka, nasukuma goti, kitufe kinalia tak, na neno linatoka. Kitufe ni cha njano, kikubwa kama kifuniko cha termosi, na pale mjini kwetu Baraka kila mtu alikiita buto, kwa Kifaransa chetu cha mtaani. Nikichelewa kidogo tu, mwanga umeshapita, nangoja uzunguke tena. Kuomba maji kunaweza kunichukua muda ambao wewe ungekuwa umeshayanywa na kurudisha kikombe.

Tableti na kitufe nilivipata kwenye kituo cha watu wenye ulemavu. Fundi wa kituo alipoiwasha tableti mara ya kwanza, sauti iliyokuwa ndani ilijua Kifaransa peke yake, sauti ya mwanamke mwenye haraka ya kwenda bureau, ofisini. Mama akaruka. "Huyu ni nani ananiomba maji kwa Kifaransa ndani ya nyumba yangu?" Fundi akacheka, akasema maneno ya Kiswahili yanaweza kurekodiwa na mtu wa nyumbani. Mtu huyo akawa yaya. Kwetu yaya ni dada mkubwa, si mfanyakazi wa kulea watoto. Nalisema hili kwa ajili ya wasomaji wa ng'ambo ya ziwa. Mimi mwenyewe nilizaliwa huko, kambini Tanzania, ndiyo maana Kiswahili changu cha kuandika kina harufu ya huko na yaya ananitania kwa hilo.

Yaya ni mwalimu wa shule ya msingi, sauti yake imenyooka. Alirekodi siku nzima jikoni. "Nina njaa." "Nigeuze." "Nataka kupumzika." Alipofika kwenye "Sitaki" aliitoa kwa ukali wa mama muuza ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, aliyepunjwa, mpaka mama akaangua kicheko mlangoni, na kicheko kile kikaingia ndani ya rekodi. Kuanzia hapo, kila nilipokataa kitu, mama alicheka nyuma yangu. Nilikataa mengi kwa makusudi. Nilikataa uji, nilikataa sweta, niliwahi kumkataa mchungaji alipotaka kuniombea, na mama akacheka mara mbili, mara moja ndani ya tableti na mara moja sebuleni.

Baadaye fundi aliniongezea ukurasa wa herufi, nikaanza kuandika maneno yangu mwenyewe. Hapo ndipo kituoni waliponiambia nije kila Ijumaa kuwafundisha wengine wawili waliopata vitufe vipya, mmoja anabonyeza kwa shavu, mwingine kwa kiwiko. Mimi! Mimi niliyefundishwa kila kitu, hata kumeza. Yule wa shavu alikuwa mkaidi kupita kiasi, nikampenda papo hapo. Usiku wa kuamkia Ijumaa nilikuwa silali vizuri, kwa furaha.

Lakini kuna kitu tableti ilikiharibu, nami sikukiona mapema. Zamani, nikitazama juu ilikuwa ndiyo, nikifumba macho ilikuwa hapana, na mtaa mzima ulijua. Hata muuza mkaa alijua. Tangu buto lije, watu wakaacha kunitazama machoni. "Aseme na mashini yake," walikuwa wakisema, kwa heshima kabisa. Mama peke yake aliendelea kutazama macho.

Mama alikufa kwa homa, siku nne tu, bila kumsumbua mtu. Yaya akahamia nyumbani pamoja na mume wake na watoto wao. Sitasema uongo: alinihudumia vizuri. Alinibeba, aliniosha, alinilisha kabla ya kwenda shuleni na baada ya kurudi, na mgongo ulimuuma, niliona akiushika. Siku moja nikamsikia shemeji uani anasema shangazi yetu wa Lubondja ana nyumba kubwa na hana mtu, basi nikae kule, nipate hewa ya shamba. Hewa ya shamba! Kama vile mimi ni mihogo ya kuanikwa. Lubondja hakuna kituo, hakuna fundi, hakuna Ijumaa. Waya wa kitufe ukikatika kule, nimekuwa bubu tena.

Niliandika hayo yote kwa herufi, mchana mzima, nikamwonyesha yaya. Alisoma, akanishika kichwa.

"Usiogope," akasema. "Siku ya kuondoa matanga watakuuliza, utajibu mwenyewe. Mi niko na weye."

Nilimwamini. Nani mwingine ningemwamini? Hata nilipotaka kumtukana, nilimtukana kwa sauti yake.

Katika ukoo wetu siku ya kuondoa matanga si ya kula na kuimba tu. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, anamaliza mambo yote aliyoacha marehemu: nguo, shamba, watoto. Kila anayehusika anaulizwa mbele ya watu na anajibu kwa kinywa chake. Kisha chakula kinapakuliwa, na yeyote aliyejibu anakula mbele yao. Ukishakula, neno limefungwa. Anayelifungua baada ya hapo huonekana anatafuta kilio kingine.

Asubuhi ile yaya alinivalisha kitenge sare na wenzangu, akanipaka mafuta, akafunga tableti. "Nimepunguza viboksi kidogo," akasema, "visikuchanganye mbele ya batu." Nilitazama juu, ndiyo, asante. Nilimshukuru, mnasikia? Kwa macho yangu mawili.

Tulikaa chini ya shitingi, turubai la msiba, watu wamejaa mpaka barabarani. Mambo ya nguo yalipita, mambo ya shamba yakapita. Baba mkubwa akanigeukia, akainua sauti kama watu wote wanavyofanya na mimi, wakidhani sisikii.

"Mutoto wetu, shangazi yako anakuita Lubondja. Unakubali? Tunataka kusikia na kinywa yako, batu basiseme kesho ati tulikufukuza."

Nilikuwa tayari. Mwanga ukaanza kutembea. Ndiyo. Asante sana. Nina njaa. Nimefurahi. Nataka kupumzika. Mungu awabariki. Kisha ukarudi kwenye Ndiyo. Nikadhani macho yangu yameruka kiboksi. Nikangoja mzunguko wa pili, nikihesabu. Vilikuwa sita. Sitaki haikuwepo. Mlango wa kwenda kwenye herufi haukuwepo. Mzunguko wa tatu nilimtafuta yaya kwa macho, nikamwona amesimama karibu na masufuria, anatazama mfuniko.

Hapo ndipo nilipoelewa. Jamani, nilielewa mbele ya watu wote wale, huku wananitabasamia.

Nikafumba macho kwa nguvu zangu zote. Hapana, hapana, hapana. "Anamulilia mama yake," akasema mwanamke mmoja nyuma, na wengine wakaguna kwa huruma. Nikapiga kelele. Sauti yangu mimi, ile isiyo na maneno, ikatoka yote. Wakaja bamama wawili kunipapasa mabega, "Pole mama, pole." Shemeji akasema, "Iko anafikiri, mumuache kwanza." Muuza mkaa alikuwa mstari wa mbele. Nilimkazia macho, nikayafumba, nikayafungua, nikayafumba. Naye alikuwa anatazama tableti.

Mwili wangu una ubaya mmoja. Nikikasirika sana, mguu unarusha teke lenyewe, bila kuniuliza. Siku ile ulirusha. Tak.

"Asante sana," ikasema sauti ya yaya, safi, kama yuko mbele ya darasa.

Vigelegele! Wee, mngesikia vigelegele. Baba mkubwa akapiga makofi mara moja, akasema, "Amesema." Shangazi, ambaye hana kosa lolote katika habari hii, akaja kunibusu paji la uso, mashavu yake yamelowa. Na chakula kikapakuliwa. Nilibana meno. Mama mmoja mzee, mwenye upendo na vidole vigumu, akanifungua kinywa pembeni kama unavyomfanyia mtoto mgonjwa, akaniingizia ugali na sombe, majani ya mihogo. "Ule kidogo tu, mutoto, bakuone." Nilimeza kwa sababu nisingemeza ningepaliwa. Wakaniona nimemeza.

Siku mbili baadaye gari la mizigo linalopanda Lubondja lilikuwa nje, na kiti changu hakijafungwa juu yake bado. Yaya aliwaambia wote watoke kwanza. Akapiga magoti mbele yangu sebuleni.

"Ni mi nilifuta," akasema.

Nilijua. Lakini kulisikia likitoka mdomoni mwake ni kitu kingine; lilinichoma upya. Akaendelea kusema haraka haraka, anafuta pua kwa ncha ya kitenge. Kwamba amechoka. Kwamba shemeji alishamwambia achague, ama mimi nibaki, ama yeye mumewe. Kwamba alitaka kuniacha niseme, kweli kabisa alitaka, mpaka asubuhi ile alipojaribu tableti na kujisikia mwenyewe anapaza sauti "Sitaki".

"Ingesema na sauti yangu, unaelewa? Bwana yangu amekaa pale, bazee ba baraza bote bamekaa pale, na sauti yangu ndiyo inakatala. Bangesema ni mi nimekufundisha. Nilipata haya."

Alipata haya. Mimi nilinyang'anywa kinywa siku ya pekee nilipoulizwa kitu, kwa sababu mwenye sauti aliona haya kuisikia. Na si hilo tu. Alipoifuta ile Sitaki, alifuta na mama. Kicheko kile hakikuwa mahali pengine popote duniani, si kwenye simu, si kwenye kaseti. Sidhani aliwaza hilo. Hilo ndilo linaniumiza kuliko Lubondja, kwamba hakuwaza.

"Nimekurudishia yote," akasema, akiwasha tableti. "Angalia."

Nikaangalia. Kweli, herufi zilikuwepo. Ndizo ninazotumia kuandika haya, hapa Lubondja, kwa umeme wa sola ya jirani wa shangazi, Jumanne na Jumamosi akiwa na nafasi. Kurasa zote za maneno zilikuwepo. Sitaki ilikuwepo pia, ameirekodi upya, na aliijaribisha nisikie: "Sitaki," kwa upole, sauti ya mtu anayekataa chai kwa wakwe. Nyuma yake kimya kitupu.

Kisha nikaona kiboksi kipya, chini kabisa, pembeni. Yaya aliona nimekiona. Aliweka mikono yake miwili kwenye kiti changu akainamisha kichwa, anangoja. Kwenye kiboksi kile ameandika: Nimekusamehe, yaya. Na kulikuwa na alama ya sauti. Ameshairekodi. Amekaa peke yake mahali, amejisamehe kwa sauti yake mwenyewe, akaja kuniletea nibonyeze.

Mungu wangu, hasira iliyonipanda! Nilihisi inashukia mguuni. Na hapo hapo nikaogopa, maana niliujua mguu wangu. Ukiruka sasa, mwanga ukiwa pale chini, sauti ile itasema nimesamehe, naye atainuka amefurahi, atawaambia wote mpaka kanisani, na nani ataniamini mimi nikikataa? Mwanga ulikuwa unatembea. Nje dereva akapiga honi.

Basi nikafanya kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mwili huu. Nilijituliza. Nilivuta pumzi kama walivyonifundisha kituoni, nikawaza mambo madogo, nikawaza ukuta, nikawaza maji. Sikumtazama yaya hata kidogo, kwa sababu nikimtazama ningewaka. Ilibidi nimalize hasira yote ili nisimsamehe kwa bahati mbaya. Mwanga ukafika kwenye kiboksi chake, ukakaa, ukapita. Ukarudi, ukakaa, ukapita.

Ulizunguka mara nne, na goti halikusogea. Yaya akainua kichwa, akanitazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu mama afe. Niliyafumba.

"Basi," akasema. Akazima tableti, akaita watu waje kunibeba.