Bunju Niliyempeleka Ukweni

Siku chache baada ya kuoana, mke wangu na mimi tulitoka kwetu Mahege tukaenda kwao Mbwera kuwasalimia wazee wake. Siku hizo nilikuwa na furaha ya kijinga. Nikiulizwa habari za asubuhi, nacheka. Nikikosea kuvaa kandambili, nacheka. Ndani ya boti kutoka Nyamisati nilikuwa nikimwonyesha mke wangu mikoko, utadhani niliipanda mimi, naye kazaliwa humo humo. Akawa anaitikia kwa adabu, "Naam, mume wangu, naiona."

Mimi ni mkulima wa korosho na mihogo. Kwetu samaki huja juu ya baiskeli, ameshakaushwa au ameshakaangwa, na kazi ya kujua kama analiwa au haliwi imeshafanywa na watu wengine huko alikotoka. Dagaa nilimjua. Perege nilimjua, na kambale pia, kwa kuwa hao hutoka mtoni. Zaidi ya hapo nilikuwa mtu wa kula tu.

Aliyetupokea ni bibi yake mke wangu, mzaa baba. Kwa desturi zetu mume wa mjukuu ni mume wa bibi pia, na bibi huyu hakuwa mtu wa kuiacha haki yake. Kabla sijatua mzigo alishaniita mume wangu, na mjukuu wake akamwita mke mwenzangu. Mama mkwe alinisalimia kwa mbali, mtandio umemfunika nusu ya uso, akarudi jikoni. Mkwe na mkwe hawataniani. Bibi ndiye aliyeachiwa uwanja wote.

Asubuhi ya pili tulikuwa tunakunywa chai kwa vitumbua, bibi akaniuliza, "Mume wangu, kwenu mnakula samaki?"

"Tunakula sana, bi mkubwa."

"Na kuchagua unajua?"

Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya mkeka. Mimi nilishakolea. "Najua," nikasema. "Samaki ni samaki."

"Haya," bibi akasema. "Mchana tutakula ulichochagua wewe. Nenda dikoni. Na wewe, mke mwenzangu, mfuate umwonyeshe njia, lakini ukimsaidia hata kwa kukohoa, nakunyang'anya mume."

Diko lao ni pale ukingoni mwa mto wa chumvi, mitumbwi inapofika na wavuvi wakamwaga samaki juu ya majani ya mgomba. Nilifika nikasimama kama mgeni aliyeingia harusini asijue bwana harusi ni nani. Kulikuwa na wekundu, wa fedha, wenye mistari, wapana kama sahani. Mke wangu alisimama nyuma yangu, kaziba mdomo kwa upande wa kanga, mabega yanamtikisika.

Nikamwona mmoja mwenye sharubu. Moyo ukatulia, nikajua nimekutana na mtu wa nyumbani. "Huyu kambale," nikasema kwa sauti ya mjuzi, nikamshika mgongoni. Hakuwa kambale. Alikuwa hongwe, samaki wa chumvi anayefanana naye, mwenye mwiba mgongoni ambao kila mtu pale anaukata kabla ya salamu. Kidole kiliwaka moto. Nilikificha mfukoni nikaendelea kutembea, natabasamu huku machozi yananilengalenga.

Mbele kidogo, pembeni ya watu, kulikuwa na samaki amelala peke yake mchangani. Mnene, tumbo limejaa, ngozi laini haina magamba. Nikasema moyoni, hawa wenzangu wanagombania miiba, na hiki kitoweo wamekiacha. Nikamuuliza mvuvi aliyekuwa karibu, binamu yake mke wangu, huyu anauzwaje.

Alimtazama samaki, akanitazama mimi, akamtazama mke wangu. "Huyo, shemeji, mchukue bure," akasema. "Lakini mpeleke kwa bibi kama alivyo, usimpasue njiani. Na umwambie umemchagua mwenyewe."

Nilimshukuru sana. Njia nzima nilikuwa nasifu ukarimu wa watu wa Mbwera. Mke wangu alikuwa nyuma, kila nikigeuka amechutama, eti anafunga kiatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Nyumbani nilimkabidhi bibi samaki kwa mikono miwili. Bibi alimwangalia. Akamgeuza. Akamfunua mdomo, nami nikaona meno mapana mbele, kama ya mtu.

"Mume wangu," akasema taratibu, "umenichoka mapema hivi? Hata fungate haijaisha umeshaniletea sumu?"

Kisha akacheka. Alikaa chini kabisa, miguu kainyoosha, anajipigapiga magoti. Mke wangu naye alianguka juu ya kibaraza. Jikoni, mama mkwe, ambaye hakutakiwa kumcheka mkwewe, alijizuia. Kisha tukasikia mfuniko wa sufuria umeanguka, na sauti ya mtu anayecheka ndani ya kanga. Nami nikacheka, kwa kuwa nisingeweza kubaki peke yangu, ingawa nilikuwa sijaelewa bado.

Bibi alipopata pumzi alinieleza, na hapo hakucheka. Yule alikuwa bunju. Ukimtisha hujaza tumbo akawa kama mpira. Sumu yake iko kwenye maini na mayai, na haijulikani imefika wapi tena, na moto hauiwezi. Chemsha, kaanga, choma, iko pale pale. Aliyemla huanza kufa ganzi midomo na ulimi, kisha mwili wote, akili inaona na pumzi inakatika. "Watu hawafi kwa ujinga tu," akasema. "Hufa kwa kuona haya kuuliza."

Tulimchimbia shimo refu nyuma ya nyumba, paka na kuku wasimfikie, nikanawa mikono kwa sabuni mpaka bibi aliporidhika. Mchana ule tulikula wali kwa kamba wa nazi, na kila niliponyoosha mkono bibi aliuliza kama nimemchunguza yule kamba vizuri.

Kesho yake alinipa mtihani. Alikwenda dikoni mwenyewe, akarudi na samaki akawapanga juu ya jani uani. Kwanza alinifundisha. Samaki usiyemjua jina haingii chunguni, hata awe mzuri namna gani. Unayemjua, mtazame jicho: liwe limejaa na linang'aa. Funua shavu: ndani liwe jekundu. Bonyeza mwili: nyama irudi. Mwisho mnuse, na pua ikikataa usibishane nayo.

"Sasa humo kuna mmoja wa kututia tumbo la kuhara," akasema. "Nitafutie."

Mke wangu alikaa mlangoni anapeta mchele. Nikaanza. Wa kwanza, changu, alikuwa na jicho kama kioo. Nilipomfunua shavu, mke wangu akakohoa.

Bibi hakugeuza hata kichwa. "Mke mwenzangu, kama una kifua, twende Mchukwi hospitali."

Nilibaki nimeinama, sijui nifanye nini. Nimfuate mke wangu, au jicho la changu? Nikambonyeza, nyama ikarudi. Nikamnusa, alinukia bahari tu. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Nikaogopa. Hata hivyo nikamweka upande wa wazima, nikajua kama nimekosea nitalala kibarazani.

Niliendelea mpaka nikafika kwa kolekole mmoja mwenye shavu jekundu kuliko wote. Jekundu mno. Lakini jicho lake lilikuwa limezama, na nilipombonyeza kidole kiliacha shimo, kama kwenye unga uliokandwa. Nikapeleka pua, nikarudi nyuma haraka.

"Huyu simli," nikasema. "Na shavu lake limepakwa damu ya mwenziwe."

Bibi akanisogelea. "Nani kakwambia?"

"Pua yangu, bi mkubwa. Mjukuu wako alinikoholea changu."

"Nani kakukoholea?" mke wangu akasema kutoka mlangoni, macho mekundu. "Nimepaliwa na pumba za mchele."

Basi tukaanza upya kucheka, na safari hii nilijua kwa nini. Bibi alikiri kwamba kolekole alikuwa wa juzi, na damu aliipaka mwenyewe kwa kidole, kama wafanyavyo wauzaji wasiomcha Mungu. Mchana mama mkwe alipika wale wazima kwa nazi na ndimu, na sahani yangu ikaja na kichwa cha changu, ambacho kwao hapewi mtu yeyote tu. Nilikila mpaka kwenye mashavu.

Tuliporudi nilishuka garini Kibiti nikiwa mwalimu kamili. Tuliingia sokoni tununue kitoweo cha kumpelekea mama, na mimi nikafika kwenye meza ya mama mmoja muuza samaki nikaanza kazi. Huyu nikamtazama jicho. Yule nikamfunua shavu. Mwingine nikambonyeza, nikambonyeza tena, nikamnusa, huku nikimweleza mke wangu kwa sauti faida na hasara za kila mmoja. Watu wawili wakasimama kusikiliza, nikazidi.

Yule mama alinivumilia, kisha akaweka kisu chini. "Kaka, samahani," akasema. "Unanunua, au unawapima homa?"

Mke wangu alinivuta mkono tukaondoka. Hatukufika mbali. Tulikaa kwenye benchi nje ya duka la pembejeo, tunacheka huku machozi yakitutoka, mpaka muuza duka akatuletea maji ya kunywa, akadhani tumepata habari mbaya kutoka nyumbani. Samaki hatukununua. Tulifika Mahege jioni tukala mihogo kwa kisamvu, na mama aliponiuliza Mbwera kulikuwaje, sikuweza kumaliza hata sentensi moja kwa kicheko.