Krampeti ya Wenye Akili

Sahani ilikuwa imeshamfikia mgeni wa pili nilipoinyakua. Vipande sita vya mkate wa kumimina, nimevikata mwenyewe asubuhi ile. Mgeni alibaki na vidole hewani. Bosi wangu, Mwingereza wa kampuni ya ujenzi iliyofungua ofisi Matrah, kule Omani, mwaka ule wa sabini, alikuwa hajamaliza kucheka.

"Huu mkate wa mwanangu," niliwaambia kwa Kiingereza changu cha sekondari, kila neno limenyooka. "Na mimi siliwi."

Nikatoka. Maziwa yanachuruzika ndani ya nguo maana saa ya kunyonyesha ilikuwa imenipita kwa ajili yao.

Mie niliajiriwa nitafsiri. Siku zile watu wetu, Waomani wa Unguja na bara, walikuwa wanarudi kutoka Afrika, na wengi waliomba kazi kwa Kiswahili, kwa sababu Kiarabu cha kuandika hawana na Kiingereza hawakukisoma. Barua zinaingia, bosi hafahamu hata salamu. Akaniahidi: mwezi mmoja wa majaribio, kisha meza ya ufasiri, chumba cha nyuma. Niliitaka ile meza. Sikusoma Unguja mpaka nikamaliza skuli nije Maskati kufungulia watu mlango.

Mlangoni ndipo aliponiweka, nipokee wageni na kuwamiminia chai. "Kwa muda tu," alisema. Barua zikawa zinalundikana kwenye kikapu, nami naziona, natikisa mguu chini ya meza kutwa.

Wiki ya pili alimleta mgeni mbele yangu, akasema: huyu ndiye krampeti ya wenye akili. Wakacheka kwa adabu. Mie nikacheka pia! Nilisikia hilo la akili tu. Neno jengine sikulijua, nikalibeba mpaka nyumbani, nikafungua kamusi yangu ya skuli iliyokuja nami ndani ya sanduku. Ikaniambia: mkate mdogo mwororo, wenye matundu, huliwa kwa siagi.

Nikamsomea mavyaa wangu, mama wa mume wangu, aliyekuwa amempakata mtoto.

"Kakwita mkate?"

"Mkate wa watu wenye akili, mama."

"Basi huyo ana njaa, maskini. Mtu hakutajii mkate bure. Keshasikia harufu kwenye mtandio wako. Mpikie, mwanangu, usingoje aombe, utamtia haya."

Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akitaja chakula mbele yako, amekwisha kuomba. Na mkate wenye matundu kwetu ni upi kama si wa kumimina? Tukaroweka mchele, mavyaa akakuna nazi ya kutoka Malabari huku mtoto analia, tukatia hiliki, tukapalia makaa juu na chini. Ukatoka na matundu yake, mzuri, wa kupeleka harusini.

Bosi aliutazama mkate, akanitazama mimi, kisha akawaita wenziwe. "Krampeti kaleta krampeti!" Mmoja alicheka hadi akajifuta macho. Nikadhani ni furaha. Wiki iliyofuata nikapika tena. Na wiki ya nne, mara ya tatu. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo, kuliko maneno yao: kwamba niliwapikia, tena kwa mapenzi.

Asubuhi ya sahani, karani mkuu alinikuta naukata mkate. Alikuwa Mgoa, mtu mzima, aliyekaa Dar es Salaam miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa hakina kasoro.

"Binti, leo usiwapelekee."

"Kwani haujaiva, mzee?"

"Umeiva." Akashusha sauti. "Hilo neno, wao hawakusudii mkate. Wanakusudia mwanamke. Wa kutazamwa. Wa kutamaniwa. Wakitia na akili, wanaona ndiyo wamekusifu sana."

"Kwa hivyo akili yangu ndiyo siagi?"

Akachukua kisu mkononi mwangu, akakiweka kando.

"Na meza yangu?"

"Bwana anasema unafaa zaidi mlangoni. Wageni wakiingia, roho zao zinafurahi."

Mwezi wangu ulikuwa unakwisha kesho yake. Hata hivyo niliupeleka ule mkate. Nilitaka nisikie kwa masikio yangu. Na nikasikia. Mgeni aliuliza, "Ndiye huyu?" Bosi akajibu, "Ndiye. Na anasoma lugha tatu," kwa sauti ya mtu anayenadi mbuzi. Hapo ndipo niliponyakua sahani.

Sikwenda nyumbani mikono mitupu. Nilipita kwenye kikapu, nikazichukua barua zote. Mchana kutwa nilitafsiri, mtoto ananyonya, karatasi gotini.

"Utafukuzwa," mavyaa aliniambia.

"Nifukuzwe kwa kazi niliyoajiriwa, mama. Si kwa kupika."

Akasogeza sahani, tukaula mkate wenyewe.

Asubuhi karani mkuu aliniachia mashine yake ya taipu, akatoka kwenda kunywa chai ambayo najua hakuwa na hamu nayo. Nikaandika kwa mkubwa wa bosi wangu, kwa Kiingereza, nakala mbili. Yangu ninayo, na inasema hivi:

"Bwana Meneja,

Ninamlalamikia mkuu wa ofisi hii. Aliniajiri nitafsiri, akaniweka mlangoni nitazamwe. Ameniita mbele ya wageni kwa neno ambalo kamusi inasema ni mkate, na maana yake nyengine nimeshaelezwa. Naambatisha tafsiri za barua zote zilizokuwa kikapuni. Waombaji hawa wamengoja mwezi mzima kwa sababu mtu wa kuwasoma alikuwa anamimina chai. Naomba nipewe meza niliyoahidiwa. Kama haiwezekani, basi namtaka mkuu wa ofisi aandike, kwa mkono wake na kwa Kiingereza cha kazi, ni kazi gani ambayo mkate umeajiriwa kufanya.

Mfasiri."