Mbwa Asiyekula kwa Mkono wa Mgeni

Vita ilipofika mjini, katika avenyu yetu ya Cibitoke mbwa walianza kufa kabla ya watu. Wa kwanza alikuwa wa muuza mkaa wa pale kona. Alikutwa asubuhi kwenye lango, povu limemkaukia mdomoni, na usiku uliofuata nyumba ile ikaingiliwa. Tuliyoyaona kulipokucha sitayaeleza hapa. Kisha akafa mbwa wa fundi cherehani, na fundi mwenyewe hakungoja kuambiwa: aliifunga mashine yake kwa kanga ya mkewe, wakaondoka kabla ya adhuhuri. Baada ya hapo mtaa mzima ulikuwa umeelewa. Wanaotembea usiku hawapendi kelele, na mbwa akifa kwako, ujue ni wewe unayefuata.

Sisi hatukuwa na mbwa. Tulikuwa nyumba ya Waislamu, na mume wangu alikuwa fundi wa magari, karakana yake iko humo humo uani, chini ya mabati. Alitengeneza gari la yeyote aliyelileta. Siku moja lilikuja gari la jeshi, na huwezi kumwambia askari mwenye bunduki kwamba leo umefunga. Vijana wa mtaa, ambao jeshi lilikuwa adui yao, waliliona likiingia, wakaliona likitoka linanguruma vizuri. Tangu hapo wakaanza kumwamkia mume wangu kwa heshima iliyopita kiasi. Mimi heshima ile ilinitisha kuliko matusi.

Nilitaka tuhamie Buyenzi, kwa ndugu zangu. Nilisema kwa upole, nikasema kwa hasira, nikanuna, nikapika wali bila chumvi. Mume wangu hakusogea. Alikuwa ameanza na spana za kuazima, na sasa ana winchi yake mwenyewe, mashine ya kuchomelea na wateja wanaomfuata kutoka mbali. "Nikiacha hivi vyuma," alisema, "watoto watakula nini kule? Salamu za kaka zako?" Basi tukakubaliana kitu ambacho hakikumridhisha yeyote: tutafute mbwa.

Aliyebaki kushawishiwa ni mama mkwe, aliyekuwa akiishi nasi, mwanamke wa sala tano na sunna zake. "Mbwa mu nyumba ya sala?" aliuliza. "Malaika watapita wapi?"

"Mama, wa kulinda anaruhusiwa. Atalala inje," mume wangu alimjibu.

Alikubali, lakini kwa sharti. Atakayeguswa na mate ya mbwa ataosha mara saba, moja kwa udongo, ndipo aguse sufuria. Bomba letu lilitoa maji siku lilipojisikia, na mpishi nilikuwa mimi. Nikaona wazi kwamba mbwa huyo nitamtazama kwa mbali tu.

Mume wangu alijua anachotaka. Mbwa wa kubweka wapo tele, alisema. Sisi tunataka asiyepokea chakula cha kutupiwa. Wa kwanza aliyemjaribu alikuwa wa bucha moja huko Buyenzi, jitu lenye kifua na sauti ya kuamsha wafu. Mume wangu alimrushia kipande cha utumbo, likameza. Mpita njia akalirushia mkate, likameza pia, likatikisa mkia na kumfuata. Mwenye bucha alicheka mpaka akashika kiuno.

Wa pili aliletwa na mtu mmoja wa barabara ya Gatumba, aliyeishi kwa kuuza chochote alichookota. Alifika langoni kwetu akimvuta mbwa kwa kamba, mbwa mnene, manyoya yanang'aa, shingo nene. Akasema amemtoa katika mtaa mmoja ulioondokewa na watu; mbwa alikuwa amebaki peke yake na hapendi mtu yeyote. Na kweli, mume wangu alipomwekea nyama, alinusa tu akageuza kichwa. Mume wangu alifurahi. Mama mkwe akatoka na tasbihi mkononi, akamzunguka mbwa yule kwa mbali, akamtazama toka masikio hadi mkia. Watu tulikuwa tumekonda mwaka ule, hata paka wa sokoni walikuwa wamekonda.

"Mutaa haina watu," alisema. "Na alikuwa anakula nini?"

Muuzaji alitazama viatu vyake. Mume wangu alifungua lango, akamwambia ampeleke, na amzungushe kwa njia ya nyuma ili watoto wasimwone. Kwa siku nyingi sikuweza kupika nyama.

Wa tatu tulimpata mtaa wa Mutanga Sud, kwa mwalimu mmoja wa chuo kikuu ambaye mume wangu alikuwa akimtengenezea gari. Mwalimu alikuwa anafunga mizigo ya kwenda nje, na hakutaka kusema anarudi lini. Mbwa alikuwa jike, mwembamba, rangi ya majivu, sikio moja limekatika ncha. Mume wangu akamtupia nyama. Mbwa akamtazama mwalimu. Nyama ikajaa sisimizi, naye amekaa tu anameza mate. Mwalimu alituambia kwamba hali chakula kutoka mkono asiouzoea, na kwamba kumzoea mtu kutamchukua muda. Njiani mume wangu alinitania kwamba tumeleta mtumishi wa serikali, anaelewa Kifaransa tu na hafanyi kazi bila amri ya mkubwa. Tulicheka. Tulikuwa hatujacheka siku nyingi.

Alipaswa kuzoeshwa mikono miwili. Mmoja ulikuwa wa mume wangu, lakini mume wangu mchana alikuwa mikono imejaa grisi, na siku nyingine alishinda kwa wateja. Mimi na mama mkwe tulikuwa na zile saba zetu. Ndipo jirani yangu alipojitolea. Alikuwa Mkristo, mjane, ua wetu na wake umetenganishwa na seng'enge tu. Ndiye aliyenishika mkono nilipojifungua mtoto wangu wa pili, kabla gari halijapatikana. Tulipeana sukari, moto, habari za misiba. Alikuwa na wavulana wawili wakubwa waliokuwa zamani wakinywa chai kwetu, na ambao siku hizi walitoka jioni na kurudi alfajiri, wala yeye hakuwazungumzia.

"Dada, acha mi nimukulishe," alisema. "Mi na mbwa hatuna masharti."

Kila mchana alileta ugali na vichwa vya ndagala, dagaa wa ziwani, katika sufuria lenye kibonyeo, akalisukuma chini ya seng'enge. Mwanzoni mbwa alikataa kabisa. Jirani hakuchoka, alikaa kitako, akaongea naye kwa Kirundi kama anavyoongeleshwa mtoto mgonjwa. Siku moja akala. Jirani alinipigia vigelegele.

Mbwa yule aliijua kazi yake. Usiku tulisikia hatua zikija, zikisimama nje ya ukuta, naye akibweka mpaka zikaendelea na safari. Zaidi ya mara moja mume wangu aliokota asubuhi vipande vya nyama vilivyorushwa uani, vizima, havijaguswa. Alivifukia mbali na bomba. Lakini alianza kulala usingizi wa kweli, na mimi pia, na hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka: tulianza kujiona salama. Nikaacha kuitaja Buyenzi.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Mume wangu alikuwa chini ya pikapu ya mteja tangu asubuhi. Nilikuwa naona miguu yake tu. Nilikuwa naanika nguo. Nikamwona mbwa anatembea upande upande, akaanguka, akainuka, akaja kuanguka karibu na karai langu, miguu ikichapa ardhi. Povu likaanza kutoka. Nilipiga kelele. Mpaka mume wangu alipojivuta kutoka chini ya gari, macho ya mbwa yalikuwa yamesimama.

Kwenye seng'enge lilikuwepo lile sufuria, limelambwa likawa safi.

Mimi na mume wangu tuliliangalia wote wawili. Mbwa yule alijua mikono miwili. Mmoja ulikuwa hapa, umejaa grisi. Mtu aliyemkata kitovu mwanangu!

Mume wangu hakuzungumza tena habari ya vyuma. Alifunga gurudumu lililobaki, akawasha pikapu ya mteja wa watu, tukapandisha watoto, mama mkwe na mswala wake, sanduku moja la spana na unga. Winchi ilibaki inaning'inia. Tulipotoka, jirani alikuwa amesimama langoni kwake, mwanawe mkubwa nyuma yake. Hakutupungia. Mimi nilitema mate chini, nikahakikisha ameniona.

Usiku huo huo nyumba yetu ilichomwa. Waliopita kesho yake walituambia kwamba waliokuja walikuwa wengi, na kwamba walikasirika kukuta vitanda vitupu.

Tuliishi Buyenzi vita yote. Mume wangu alianza upya na spana zake, chini ya bati la kuazima. Na mimi nilimchukia mwanamke yule kwa bidii. Nilimchukia nikipika, nilimchukia nikisali. Mwanangu wa pili akiniuliza alizaliwaje, nilimwambia alizaliwa hospitali.

Vita ilipokuwa inaelekea ukingoni nilimkuta sokoni. Alikuwa ameketi nyuma ya mafungu ya vitunguu, nywele zimekuwa nyeupe, na sikumtambua mpaka aliponiita dada. Ningeweza kupita. Nikasimama mbele ya vitunguu vyake, bila salamu, nikamwuliza: "Juu ya nini ulitufanyia vile?"

Hakujifanya hakuelewa.

"Watoto yangu ndio walinipa ile dawa," alisema. "Walijua anakula kwa mukono yangu. Wakasema nimupe magaribi, giza ikiingia, musione kitu mpaka wao wafike. Mi nikamupa saa sita ya muchana, muko macho, jua iko juu."

"Na mudomo ulikuwa nayo."

"Walikuwa mu nyumba, dada. Kila neno walisikia. Ningefungua mudomo, leo wewe hauko, na mi siko."

Watu walitusukuma wakipita na mabeseni. Nilitaka kumshika mkono, na nilitaka kumpiga, na sikufanya lolote kati ya hayo. Nikasikia sauti yangu ikiuliza jambo la kijinga, kama mbwa alilia wakati anakula.

"Apana," alisema. "Alikula yote. Alafu akalamba mukono yangu, akakaa pale ananiangalia, anangojea ingine."