Kizibao cha Nyambu

"Wewe fundi, siku hizi unashona nguo ama magunia?" Jirani alimuuliza hivyo pale mtaani Kibomet, mwaka wa elfu mbili na sita, alipomkuta akijaza maharagwe kwenye mifuko ya kizibao cha mtoto. Fundi hakuinua macho. Alikuwa mtu wa kumaliza mstari kwanza ndipo ajibu, na wengi waliondoka kabla ya kujibiwa. Gladwell, mama yake mtoto, aliketi kando akiitazama mikono ile mipana ikipima kila mfuko kwa kiganja, ikitoa punje mbili, ikirudisha moja. Nyambu wake alikuwa na miaka saba, hajasema neno, na ngoma za kanisani zilimfanya apige mayowe, hata Gladwell akawa anasikiliza mahubiri akiwa naye nje, chini ya dirisha. Daktari wa mazoezi kule Bungoma ndiye aliyesema mtoto kama huyo hutulia akivaa kitu kizito.

Kizibao kilipochafuka, Gladwell akakifua, na maharagwe yakamea mifukoni. Alikirudisha kwa aibu. "Mama Nyambu, umepanda kabla ya mvua," fundi akasema, akicheka mpaka machozi. Kisha akafumua mifuko yote kumi na miwili, akajaza kokoto za mto alizoziosha mwenyewe. Jumapili ile Nyambu alikaa ndani, benchi ya nyuma, akipapasa mifuko yake, ngoma zikipigwa, mpaka baraka za mwisho. Nje, Gladwell alimshika fundi, aliyesali hapo pia, mikono yote miwili, akamshukuru.

"Jumapili ijayo mkae mbele," fundi akasema. "Nataka waione kazi yangu."